Maharage ya Mtu Mmoja

Tunaanza na hali ya hewa, kama kawaida.
Tukuyu imevaa ukungu hadi shingoni,
na Tupokigwe anasema nguo alizofua Jumanne
hazijakauka, zimebadilika harufu tu.
Kutoka hapo hadi jikoni si mbali:
nani kapata kablanketi sokoni, sado bei gani,
na je, ni ya msimu huu
au ni yale ya mwaka juzi,
yanayochemka tangu alfajiri hadi kengele ya Wamoraviani
na bado yanagonga mwiko kama kokoto?

"Tia magadi," anasema Sekela.
"Magadi yanaua ladha," anasema Atuganile,
mwenye maoni juu ya kila kitu isipokuwa mume wake.
"Loweka usiku kucha."
"Nililoweka."
"Kwa maji ya baridi?"
"Tukuyu ina maji gani mengine?"

Tunacheka hadi kisu kinanikwepa.
Ni Jumamosi, tuko kwa Sekela
kwa sababu bati lake halivuji,
na kwa sababu hatujawahi kukubaliana pengine.
Mkungu wa ndizi uko katikati.
Tumepaka mafuta mikononi, lakini utomvu ni utomvu,
kesho kanisani tutakunja vidole.

Mkamwana wa Sekela, Mhehe wa Mafinga,
anatia karoti kwenye maharage.
Karoti!
Atuganile anaweka kisu chini ili asikie vizuri.
"Na mwanao anakula?"
"Anaongeza."
"Basi amelishwa kitu."
"Amelishwa karoti."
Mimi nasema nami siku hizi naungia maziwa,
wananitazama kama niliyekiri deni.

Subilaga hajasema neno.
Anamenya. Ganda lake linashuka refu, halikatiki,
beseni lake limejaa kabla ya letu.
Mwezi wa nne tulipika kwake siku tatu,
kwa masufuria ya kanisa, mvua ikizima kuni.
Mwezi wa sita kitinda mimba wake akapata kazi Makambako.
Tulimpongeza. Tulimpongeza sana.

"Hivi," anasema, bila kuinua uso,
"maharage ya mtu mmoja
mnapimaje?"

Mvua ikapata nafasi ya kuongea.
Atuganile, mwenye jibu la kila swali,
akaanza kutafuta kisu alichokishika.

"Kikombe cha chai," akasema Sekela mwishowe.
"Nusu. Nusu kikombe."
"Nusu hayaivi," akasema Tupokigwe.
"Maharage yanapenda kujazana.
Yakiwa machache yanakaidi."
Akasikia alichokisema, akajiuma mdomo,
akaokota ndizi iliyokwisha kumenywa, akaimenya tena.

Nikasema ninalo sufuria dogo,
lile la sikio moja,
nililopikia uji wa Lugano akiwa mchanga.
"Lina mfuniko?"
"Halina. Funika na sahani."
"Sahani ninazo," akasema Subilaga.
"Sahani ninazo nyingi."

Tukarudi kwenye magadi.
Sekela anayaagiza kwa mtu, anayaficha nyuma ya unga,
Atuganile anadai ameyanusa tangu mlangoni.
Hadi ndizi zinatokota na maziwa yanapanda
tulikuwa tumefika kwenye bei ya parachichi,
na nani amemwona fundi wa choo, na kwa nini hajarudi.

Jumamosi iliyofuata akanirudishia sufuria,
limesuguliwa kwa majivu hadi linanionyesha pua yangu.
"Dogo," akasema. "Yalifurika, yakazima mkaa."
"Ulipima kiasi gani?"
Akavua kanga ya mabegani, akaitandika, akakaa.
"Kile kile cha siku zote."

Hakuna aliyemwambia amekosea.
Sekela akasogeza beseni, Atuganile akampa kisu chenye makali,
na Tupokigwe akauliza
kama kuna mtu yeyote, katika mji huu mzima,
ambaye nguo zake zimekauka.